Halali Haitoshi: Nyanya, Dawa za Mashambani na Maji ya Jikoni



Sifa zote njema zinamstahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mwanafunzi Mwislamu wa Kampala akienda kununua nyama huuliza maswali mengi. Nani kachinja? Jina la Allah lilitajwa? Muuzaji ni Mwislamu? Hilo ni jambo jema na tusiliache. Lakini mwanafunzi huyohuyo akitoka hapo hupita kwa muuza rolex, akapokea chapati na mayai yaliyoviringishwa pamoja na nyanya mbichi na kabichi, akala bila kuuliza swali hata moja. Nyanya haina mchinjaji, basi tunaona haina la kuulizwa.

Somo la leo linahusu nyanya hiyo, pamoja na kabichi, dodo, nakati na matunda yanayoandamana nayo. Tutaona kilicho juu ya ganda lake, hukumu yake katika fiqhi, waliopima waliona nini, na sisi wa mabwenini na vyumba vya kupanga tufanye nini. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si mkemia wala daktari. Ya maabara nimeyachukua kwa waliopima, na ya fiqhi nimeyachukua kwa wanazuoni. Nimeyapanga mafungu matano, na mwishoni kuna maswali, ili somo liweze kusomwa katika darsa ya wiki.

1. Twahara, halali na twayyib

Katika Surat al-Baqara, aya ya 168, Allah anawaita watu wote, si Waislamu peke yao, wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na twayyib. Sifa ni mbili. Imamu Ibn Kathir, katika tafsiri yake ya aya hiyo, anaeleza kwamba twayyib ni kile kilicho kizuri chenyewe na kisichodhuru mwili wala akili. Kwa maelezo hayo, chakula chaweza kupita mlango wa kwanza, kikawa cha halali kwa asili yake na kwa njia kilivyopatikana, kisha kikakwama kwenye mlango wa pili kwa sababu ya kitu kilichoongezwa juu yake.

Hapa wengi wetu huchanganya mambo mawili. Mtu akisikia kuwa nyanya ina dawa, husema, "Basi ni najisi?" Hapana. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wametenganisha unajisi na madhara. Udongo ni twahara. Ukisali na vumbi nguoni, swala yako inasihi. Lakini kula udongo kwa kiasi kinachodhuru ni haramu. Na sumu hukumu yake ni hiyohiyo: hata ile iliyo twahara, kuila kwa kiasi cha kudhuru hakuruhusiwi. Sababu ya kukatazwa ni madhara, na msingi wake ni hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Majah na wengineo, ambayo inamzuia mtu kujiletea madhara na kuwaletea wengine.

Tofauti hii ina faida kubwa kwetu. Najisi ni suala la kuwepo au kutokuwepo. Madhara ni suala la kadiri: kiasi gani, mara ngapi, kwa muda gani. Kwa hiyo anayeosha nyanya hahitaji kuingiwa na wasiwasi kama wa mtu anayerudia wudhu mara saba. Hakuna anayemtaka afikishe mabaki kwenye sifuri. Katika Majalla, ule mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya ulioanza kutolewa mwaka 1869, kanuni ya 31 inasema kwa maana yake kwamba madhara huzuiwa kwa kadiri inavyowezekana. Tunachoweza kukiondoa kwa maji na mikono, tunawajibika kukiondoa. Kilichozidi uwezo wetu tutamtafuta mwenye uwezo nacho, na huyo tutamzungumzia katika fungu la tano.

2. Kilicho juu ya ganda

Dawa zinazopulizwa mashambani kuua wadudu, ukungu na magugu huitwa kwa jumla viuatilifu. Nyanya ni zao linalozitumia kwa wingi, na sababu yake ni mvua. Uganda ya kusini na ya kati ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na hali ya unyevu na ubaridi ndiyo inayopendwa na ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao huweza kuangamiza shamba la nyanya kwa siku chache. Mkulima wa Wakiso, Mpigi au Masaka aliyekopa pesa za mbegu akiona madoa meusi kwenye majani, hasubiri. Anapuliza. Mvua ikinyesha usiku ikaosha dawa, anapuliza tena.

Dawa anayoitumia zaidi ni mankozebu. Hii ni dawa ya ukungu inayokaa juu ya jani na juu ya ganda la tunda bila kuzama ndani. Ndiyo maana mvua huiosha, na ndiyo maana unaweza kuiona kwa macho: madoa ya unga yaliyokauka kwenye nyanya, hasa pale penye kikonyo. Tafiti zilizofanywa hapa Uganda zimeandika kwamba wapo wakulima wanaopuliza siku chache tu kabla ya kuvuna, na wengine hupuliza hata baada ya kuvuna, ili nyanya zikae muda mrefu bila kuoza.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja muuzaji, katika soko moja la hapa mjini, kwa nini nyanya zake zina madoa. Hakukasirika. Alinijibu, "Mwanangu, hizo ndizo zinazokaa. Zile safi zinaoza kesho, na hasara ni yangu." Nikamwuliza kama wateja hawalalamiki. Akasema, "Wanataka ngumu. Wakibonyeza ikawa ngumu, wanalipa." Maneno yake yanaeleza soko zima. Muuzaji haoni dawa kuwa hila, anaona kinga ya mtaji wake, na sisi wanunuzi tunaobonyeza bila kutazama ndio tunaolipia madoa hayo.

Lakini si kila dawa hukaa juu. Zipo zinazoingia ndani ya mmea na kusafiri pamoja na maji yake hadi kwenye jani na tunda. Imidakloprid ya kuua wadudu ni mojawapo. Metalaksili ya kuzuia ukungu ni nyingine, na hii mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu katika pakiti moja. Kwa hiyo mkulima akipuliza pakiti hiyo mara moja, nusu ya kazi hubaki juu ya ganda na nusu huingia ndani. Maji yako yataifikia ile ya juu. Ile ya ndani haifikiwi na maji, wala chumvi, wala siki. Liweke hili akilini, kwa sababu ndilo linaloamua mipaka ya somo lote.

Madhara yake ni gani? Mankozebu haimwangushi mtu papo hapo kwa kiasi kinachopatikana kwenye nyanya. Shaka iko kwenye miaka mingi ya kuila kidogo kidogo. Dawa hii ikivunjika hutoa kemikali inayoitwa kwa kifupi ETU, ambayo huathiri tezi ya thairodi iliyo shingoni. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoendelea kuidhinisha mankozebu. Lipo kundi jingine la dawa, la organofosfeti, kama klorpirifosi, ambalo hushambulia mfumo wa neva. Klorpirifosi nayo ilikataliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na mwaka 2025 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali zinazodumu muda mrefu katika mazingira.

Sisemi haya ili mtu aache mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na mwanafunzi anayeishi kwa chapati na soda hafikii hata nusu. Anayeacha nyanya kwa kuogopa dawa amekimbia madhara madogo akaangukia makubwa.

3. Waliopima waliona nini

Mwaka 2022 watafiti wakiwemo wa Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha kazi yao juu ya matunda na mboga za Kampala na wilaya jirani. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba walifuata safari nzima ya chakula: shambani, sokoni, kwa wachuuzi wa barabarani, kwenye mikahawa na majumbani. Sehemu kubwa sana ya sampuli zao ilikutwa na mabaki ya dawa, na nyingi zilikuwa na zaidi ya aina moja. Basi hatuzungumzii habari ya nchi ya mbali.

Je, maji yanasaidia? Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mwingine juu ya nyanya za Uganda na dawa za jamii ya mankozebu, ukipima hasa jambo hili: kuosha kwa kawaida tu, kama mtu anavyoosha nyumbani. Jibu lilikuwa kwamba mabaki hupungua. Hilo linatokana na tabia ya dawa yenyewe: inayooshwa na mvua shambani itaoshwa na maji jikoni. Tahadhari moja ni kwamba wakulima wengi huchanganya gundi maalumu ndani ya dawa ili mvua isiibandue kwa urahisi. Kwa sababu hiyo maji ya kupitisha tu hayatoshi. Panahitajika kusugua.

Jambo hili la kusugua limethibitishwa kwingine pia. Huko Connecticut, Marekani, mwaka 2000 watafiti wa kituo cha kilimo cha jimbo hilo walijaribu dawa 12 kwenye mazao mbalimbali kwa kuyasuuza kwa maji ya bomba. Mabaki ya dawa 9 yalipungua, na 3 hayakupungua, klorpirifosi ikiwa mojawapo. Walichokiona ni kwamba uwezo wa dawa kuyeyuka katika maji haukuwa na uzito mkubwa. Kinachofanya kazi ni nguvu ya maji na mkono kubandua chembe juu ya ganda.

Wanafunzi wa fiqhi hapa watakumbuka mas'ala ya wudhu. Wafuasi wa Imamu Malik wanasema kusugua kiungo ni faradhi, na kwetu sisi wa Shafi yatosha maji yapite juu ya kiungo, huku kusugua kukiwa sunna. Kwa wudhu fuata madhehebu yako. Kwa nyanya, sote tuwe Maliki.

Utafiti wa tatu ni wa mwaka 2017, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Watafiti walipaka tufaha dawa mbili, thiabendazoli na fosmeti, kisha wakalinganisha maji ya bomba, maji yenye klorini, na maji yenye bikaboneti ya soda, ule unga mweupe unaotiwa kwenye keki na mandazi. Bikaboneti, kwa kipimo cha gramu 10 kwa lita, ndiyo iliyoshinda. Kwa dakika 12 iliondoa asilimia 80 ya thiabendazoli, na kwa dakika 15 iliondoa asilimia 96 ya fosmeti. Mbona thiabendazoli ilibaki? Kwa sababu sehemu yake ilikuwa imeshapenya ndani ya ganda, ambako maji hayafiki. Ni lile tulilolitaja katika fungu la pili. Na tukumbuke kwamba jaribio hilo lilikuwa la tufaha na dawa mbili tu. Halimaanishi kwamba unga huo huondoa kila dawa kwenye kila mboga.

4. Namna ya kuosha

Sasa tuingie jikoni. Hatua hizi hazihitaji pesa nyingi, na nimezipanga kwa mtu mwenye beseni mbili na jerikeni moja ya maji.

Kwanza, osha mikono yako na beseni. Kisha toa vikonyo vya nyanya, maana unga hujificha pale.

Pili, osha kabla ya kukata. Kisu kikipita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani ya tunda. Hii ni kwa kila kitu, hata kile ambacho ganda lake hutupwa: pasheni, embe, nanasi, tikiti maji. Wengi husema, "Ganda silili, niliosheje?" Jibu ni kwamba kisu chako na mkono wako vinaligusa ganda, kisha vinagusa unachokila.

Tatu, sugua moja moja. Chukua nyanya, mimina maji kidogo kwa kikombe, zungusha na kusugua kwa vidole kama nusu dakika, kisha mimina tena. Usitumbukize kilo nzima ndani ya beseni, ukakoroga mara mbili, ukatoa. Hapo umehamisha dawa kutoka kwenye nyanya chafu kwenda kwenye nyanya safi. Maji ya kwanza yamwagwe, yasitumike kuoshea kitu kingine.

Nne, kabichi ivuliwe majani mawili au matatu ya nje, kisha majani yanayobaki yatenganishwe na kuoshwa. Dodo, nakati na sukuma wiki ni majani matupu, na jani lina eneo kubwa la kushika dawa kuliko tunda. Yaoshwe jani kwa jani, katika maji yanayobadilishwa mara mbili au tatu, na kabla ya kukatwa.

Tano, ukitaka kufanya zaidi, hasa kwa vitu vinavyoliwa vibichi kama kachumbari, tumia bikaboneti ya soda. Vijiko viwili vidogo vya chai, vilivyosawazishwa, kwa lita moja ya maji, ni karibu na gramu 10 za jaribio. Loweka dakika 12 hadi 15, sugua, kisha suuza kwa maji safi. Usichanganye unga huu na hamira wala na magadi ya kupikia maharage, maana si kitu kimoja.

Sita, osha kabla ya kupika, wala usiseme moto utamaliza kila kitu. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Moto huua vijidudu, na kwa vijidudu ni kinga nzuri. Lakini mankozebu ikichemshwa sehemu yake hugeuka kuwa ile ETU tuliyoitaja. Anayetia nyanya zenye madoa moja kwa moja kwenye sufuria ya mchuzi hajaua dawa, ameibadilisha kuwa kitu kingine na kukifungia ndani ya mchuzi. Sekunde 30 za kusugua kabla ya jiko zina faida kuliko nusu saa ya kuchemsha baada yake.

Na haya tusifanye. Tusioshe mboga kwa sabuni ya vyombo, wala Omo, wala Jik. Mboga na matunda hunyonya, na sabuni itabaki ndani yake. Utakuwa umeondoa kemikali moja na kuweka nyingine. Chumvi na siki si haramu wala si hatari, lakini baadhi ya majaribio yaliyovisifu yalitumia kiasi kama gramu 100 za chumvi kwa lita. Chembe mbili za chumvi ndani ya beseni ni kuutuliza moyo tu.

Mtu atasema, "Bwenini kwetu maji ni ya shida." Ni kweli, na israfu ni makatazo. Lakini tumepokea katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, kipimo kisichofika lita moja, naye aliosha viungo vyake kikamilifu. Maji kidogo na mkono unaofanya kazi huosha vizuri kuliko beseni lililojaa na mkono mvivu. Maji ya kusuuzia ya mwisho, ambayo ni masafi, yanaweza kuwa maji ya kwanza ya fungu linalofuata.

5. Mkono wa mwisho na mkono wa kwanza

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mkono wa mwisho, yaani wetu. Lakini tumekwisha kuona kwamba iko dawa isiyooshwa. Hiyo huondoka kwa njia moja tu: muda. Kila dawa iliyosajiliwa huandikwa kwenye lebo yake siku ambazo mkulima anatakiwa kusubiri kati ya kupuliza mara ya mwisho na kuvuna. Ndani ya siku hizo jua na mmea wenyewe huivunjavunja dawa mpaka ishuke kwenye kiwango kinachokubalika. Viwango hivyo huwekwa na Codex Alimentarius, tume iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya. Uganda nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006. Kwa hiyo kanuni ipo. Linalobaki ni mtu kusubiri huku bei ikiwa nzuri na lori likiwa limeshafika.

Hapa ndipo dini inapoingia mahali ambapo mkaguzi hafiki. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye nafaka kulikoni. Akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika safu yake. Tazameni vizuri kisa hiki. Yule mtu hakuinyeshea mvua nafaka yake. Kosa lake lilikuwa kuuficha unyevu usionekane na mnunuzi. Anayepuliza nyanya usiku na kuivuna asubuhi, akijua lebo inasema asubiri siku kadhaa, anauza kasoro ambayo mnunuzi hawezi kuiona hata akitia mkono. Lake ni zito zaidi, kwa sababu unyevu wa nafaka hukauka, na hii huingia mwilini.

Lakini tusimhukumu mkulima tukiwa tumekaa kwenye kivuli. Yeye ndiye wa kwanza kuumia. Huipuliza dawa hiyo bila glavu wala kinga ya uso, upepo ukimrudishia, na mara nyingi lebo imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Na mkulima huyo ni nani? Kwa wengi wetu ni baba, mama, mjomba au kaka. Karo za baadhi yetu zimelipwa na nyanya, na wengine na kabichi. Nimeona kwamba sisi tuliosoma tunarudi nyumbani likizo tukiwa na mengi ya kusema juu ya siasa na mpira, na tunapita kando ya pakiti ya dawa iliyolala kwenye kona ya stoo bila kuigeuza tukasome nyuma yake.

Basi wasia wangu kwa mwenye wazee wakulima ni huu. Likizo hii, chukua ile pakiti. Waamkie wazee kwa adabu, keti nao, na uwasomee kwa Kiganda, Kisoga, Kinyankole au Kiswahili, kwa lugha wanayoielewa. Wasomee siku za kusubiri, kipimo cha maji, na rangi ya lebo, maana rangi nyekundu ni ya dawa kali zaidi. Usiwafundishe kama mwalimu. Sema, "Mzee, hapa wameandika hivi, wewe unaonaje?" Dakika hizo kumi zitaosha nyanya nyingi kuliko beseni zote za bwenini kwetu.

Kwa muuza rolex, tumia ulimi mzuri. "Ssebo, nyanya umeziosha?" Swali hilo likitoka kinywani mwa mteja mmoja ni usumbufu. Likitoka kwa wateja ishirini kwa siku, kesho utaona beseni la maji kando ya jiko lake. Sokoni nako, nyanya yenye madoa mengi ya unga iache, hata kama ni ngumu, na umwambie mwenye meza sababu kwa heshima. Tumeona kwamba anauza tunachokipenda. Tubadilishe tunachokipenda.

Na kwa kamati zetu za futari nina neno mahususi. Mtu akipika kwa ajili ya tumbo lake, uzembe wake ni wake. Anayepika sufuria la watu 200 waliofunga amebeba amana. Ramadhani makreti ya nyanya hufika alasiri, muda ni mfupi, na kishawishi ni kuzikata kama zilivyo. Napendekeza katika kila zamu wateuliwe watu watatu ambao kazi yao ni kuosha tu, wakiwa na beseni zao, na waanze mara baada ya Adhuhuri. Kazi hiyo haionekani, haipigwi picha, na hakuna atakayeitaja katika shukrani za mwisho wa mwezi. Lakini walaji 200 watafungua swaumu kwa chakula kilicho halali na twayyib, na hilo linaandikwa panapohusika.

Maswali ya darsa

1. Toa mfano mmoja wa kitu kilicho twahara lakini ni haramu kukila, na ueleze sababu.

2. Kwa nini kuosha husaidia zaidi kwa mankozebu kuliko kwa metalaksili?

3. Mwenzako anasema, "Nimepika mchuzi saa nzima, dawa yote imekufa." Utamjibu nini?

4. Katika kisa cha mwenye nafaka, kosa lilikuwa nini hasa? Linganisha na mkulima anayevuna kabla ya siku za kusubiri kwisha.

5. Chumba chenu kina jerikeni moja ya lita 20 kwa siku. Pangeni jinsi ya kuosha nyanya, dodo na kabichi bila israfu.

Tunamwomba Allah aturuzuku vilivyo halali na twayyib, awalinde wazazi wetu mashambani na madhara ya wanayoyapuliza, na atujaalie tuwe watu wa kuondoa madhara kwa mikono yetu kabla ya kulalamika kwa ndimi zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.